Nesi Aliyefunga Miguu

Barabara ya Namanga ilipokuwa bado mashimo na vumbi, majeruhi walioletwa zahanati ya Oldarpoi walikuwa wa kuanguka na punda, wa kujikata panga shambani, na mzee mmoja aliyepigwa pembe na dume lake mwenyewe, ambaye alimtukana ng'ombe yule kuanzia mshono wa kwanza hadi wa kumi na tisa. Hao nesi Naisiae aliwaweza. Alikuwa na uzi, alikuwa na sindano, na mikono yake haikuwa na haraka.

Kisha ikaja lami. Watu walichinja mbuzi, na yeye akala nyama ya furaha pamoja nao. Malori yakaacha kuogopa mashimo, pikipiki zikaongezeka kama siafu baada ya mvua, na kona ile ya chini ya kijiji, ambapo zamani punda walisimama kujikuna, ikaanza kula watu.

Waliovunjika mikono aliwaweza pia. Waliopasuka vichwa, baadhi aliwaweza. Lakini ilikuwepo aina moja iliyomshinda. Mtu analetwa, hana damu nje, hana kidonda unachoweza kukionyesha kwa kidole. Anaongea. Anauliza pikipiki yake iko wapi. Anaomba maji. Halafu midomo inapauka kama imepakwa majivu, jasho la baridi linamtoka, na gari halijafika hata Ngaramtoni, nje kidogo ya mji, amekwisha. Kwa miaka saba walikuwa wanne wa namna hiyo: mwalimu wa hesabu, mama muuza maziwa, fundi pikipiki, na mtoto wa shemeji yake. Wote Naisiae aliwaandikia barua ya rufaa kwa mwandiko wake mzuri. Barua zilifika mjini. Watu hawakufika.

Yeye alikuwa mtu wa hapo hapo. Alizaliwa boma la tatu juu ya zahanati, akaolewa boma la tano chini yake. Shule alipelekwa kwa sababu ukame ulimaliza ndama wa baba yake, pakawa hakuna cha kumchungisha. Na kanisa likamsomesha uuguzi kwa sababu lilimwona hapayuki. Ukimya ule watu waliupenda. Mama akizaa mtoto asiye wa mwenye nyumba, Naisiae hajui. Mzee akitibiwa ugonjwa wa aibu, Naisiae hakumwona. Miaka ishirini na miwili alikaa na siri za kijiji kizima, isitoke hata moja. Ila ukimya nao una siku yake ya kuchacha, kama maziwa.

Mwaka ule zahanati za pembezoni mwa barabara kuu ziliitwa kwenye mafunzo ya kuhudumia majeruhi wa ajali, siku tano, katika ukumbi mmoja huko Njiro, mjini. Kutoka Oldarpoi walikwenda watatu. Alikuwepo tabibu wao, Sumari, Mmeru wa upande wa pili wa mlima, mtu wa maneno mengi na koti safi. Alikuwepo Gerson, mhudumu, kijana mwenye kicheko ambaye wagonjwa walimpenda kuliko dawa. Na alikuwepo Naisiae.

Aliyewafundisha alikuwa Dokta Anneth, binti wa Kijenge, umri wa kuzaliwa na Naisiae kabisa. Kila asubuhi alimwamkia shikamoo mama, akaitikiwa marahaba, kisha akaanza kumfundisha.

Siku ya tatu wakafika kwenye nyonga.

"Nyonga ni kama bakuli," Anneth alisema. "Likipasuka, damu inamwagikia humo humo ndani, lita mbili, lita tatu. Nje hamwoni hata tone. Mtu anakufa anawaangalia."

Naisiae akawakumbuka wale wanne. Mwalimu wa hesabu. Mama wa maziwa. Kumbe lilikuwa bakuli.

"Sasa dokta, si tunamwekea dripu?" aliuliza Sumari.

"Utajaza ndoo iliyotoboka, daktari? Kwanza ziba. Chukua shuka, kitenge, chochote kipana. Pitisha hapa, kwenye mafundo haya mawili ya mfupa pembeni mwa mapaja. Siyo kiunoni! Kila mtu anafunga kiunoni. Hapa. Bana bakuli lifunge."

Gerson akalazwa sakafuni awe majeruhi. Ikafika zamu ya Naisiae kufunga.

"Nesi, taratibu," Gerson alilia. "Mimi bado sijaoa."

"Wala hutaoa," alisema Sumari. "Nyonga hiyo hata ikiwa nzima nani anaihitaji?"

Ukumbi ukacheka. Naisiae hakucheka. Alipitisha shuka, akavuta pande mbili kwa mpigo mmoja, akasokota, akafunga. Mtu aliyefunga mizigo ya kuni tangu ana miaka sita hafundishwi fundo. Anneth alipenyeza vidole akashindwa, akawaita wengine waje waone.

"Lakini bado," alisema. "Miguu ikiachwa inatanuka, na inalifungua bakuli tena." Akachukua bandeji, akafunga magoti ya Gerson pamoja. Halafu akafunga nyayo pamoja, vidole vikielekea ndani. "Hivi. Na asifunguliwe njiani na mtu yeyote, hata akilia. Mpaka kwa daktari wa upasuaji."

Naisiae aliitazama ile miguu.

Oldarpoi miguu miwili hufungwa pamoja mara moja tu. Ni baada ya wanawake kumaliza kuosha, kabla ya kuitwa wanaume wenye jeneza. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga mingi, ya mama yake ikiwemo. Swali likampanda mpaka kwenye meno: na ndugu wakiona, je? Lakini ukumbi ulikuwa umejaa. Walikuwepo watu wa Karatu, watu wa Monduli, na asubuhi ile ile jamaa mmoja wa mjini alikuwa amewachekesha watu kwa hadithi ya Mwarusha, mtu wa kabila lake, aliyekataa kuvuliwa shuka apigwe eksirei. Sumari naye alikuwa pale. Mmeru yule angelibeba neno hilo mwaka mzima, kila akinywa chai analitoa. Naisiae aliangalia mikono yake.

"Kuna swali?" Anneth aliuliza.

"Hakunaaa," ukumbi ukaitikia.

Walirudi na vyeti vitatu na sanduku jekundu la vifaa. Mwezi wa tatu tangu warudi, Sumari akahamishiwa wilaya nyingine. Mwezi wa tano Gerson akaacha kazi, akaenda mjini, Daraja Mbili, kuuza makava ya simu. Alisema huko hakuna anayekufia mikononi. Akaletwa tabibu mpya, kijana mpole ambaye hakuwa amesoma hayo mafunzo na ambaye kila wiki aliitwa kwenye kikao mjini. Timu ya watu watatu ikawa mtu mmoja na sanduku.

Naisiae hakulalamika. Alikuwa na jambo moja moyoni na lilimtosha: mmoja. Mmoja tu wa nyonga ateremke mlima ule akiwa hai, na arudi kwa miguu yake, aje kusimama pale mlangoni amwambie nesi, nimerudi. Akimpata huyo, alijiambia, wale wanne watampumzisha usingizini.

Akashuka kijiweni kwa bodaboda. Mkubwa wao alikuwa Saning'o, mtu mwenye pikapu kuukuu na sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya korongo.

"Yeyo, mama yetu, sisi si madaktari," alimwambia.

"Nyinyi ndio mnaofika kwanza. Mimi nafika wa mwisho."

"Haya, tufundishe. Lakini tukifaulu tunataka makoti meupe."

Aliwafundisha wiki nne, wakati wa mchana biashara inapolala. Mtu akianguka msimkalishe. Msimvute mikono. Msimpakie pikipiki katikati ya watu wawili kama nyama kwenye mshikaki. Mmoja ashike kichwa, wengine wamlaze kwenye kitu kigumu. Walicheka, wakagombana nani awe maiti. Naisiae akasema siyo maiti, ni majeruhi. Wakasema haya, majeruhi. Akamfunga Saning'o nyonga kwa shuka lake mwenyewe.

"Jamani nimebanwa kama bibi harusi!"

"Bibi harusi mwenye ndevu," mwenzake alimjibu. "Ng'ombe wawili tu, tena wa mkopo."

Ikabaki miguu. Naisiae alikuwa ameishika bandeji tayari. Ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la bucha, walikaa wazee wawili wamejifunika, wanaangalia. Akaitia bandeji mfukoni.

"Basi," alisema. "Ni hivyo. Mengine nitayafanya mimi zahanati."

Mvua za masika zilikuwa zimekolea siku Lengai alipogongwa. Lengai alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mwenye bodaboda, mtoto wa pekee wa kiume wa mama mmoja anayeitwa Nashipae. Alikuwa ameoa mwaka uliopita. Siku hiyo ya soko alipeleka gunia la karoti, na kwenye kona ile fuso iliyokuwa ikishuka ikateleza, ikamgonga kwa ubavu na kumtupa mtaroni.

Naisiae alisikia makelele, akatoka, na alichokiona kilimfanya ashike nguzo ya baraza. Walikuwa wanakuja watu sita wamebeba mlango wa bucha. Juu yake amelazwa Lengai, chali, Saning'o anatembea kinyumenyume amekishika kichwa cha kijana kwa mikono miwili kama anayebeba kibuyu cha maziwa. Hawakumkalisha. Hawakumvuta. Walikuwa wamesikia! Wiki nne za vicheko, kumbe walikuwa wanasikia.

"Yeyo," Saning'o alisema, "tumefanya ulivyosema."

"Nimeona, baba. Nimeona. Mwekeni chini polepole."

Lengai aliongea. Aliuliza pikipiki. Akaomba maji. Midomo ilikuwa imeanza majivu. Presha ilikuwa sabini kwa arobaini. Naisiae aligusa mifupa ya nyonga mara moja tu, kama alivyofundishwa, na ikacheza chini ya viganja vyake kama chungu chenye ufa.

Basi akafanya kazi. Tabibu yuko kwenye kikao mjini. Akafanya peke yake. Alilipitisha shuka jekundu la Lengai mwenyewe, akavuta, akasokota, akafunga. Kijana akapiga ukelele, kisha akanyamaza. Akafunga magoti. Akafunga nyayo, vidole ndani. Akatundika dripu. Akasubiri ameshika mkono wake, akahesabu mapigo, akapima tena. Themanini. Akasubiri. Tisini kwa hamsini na tano.

Tisini! Aliipima mara ya pili, hakuamini. Rangi ilikuwa inarudi kwenye fizi za kijana.

"Yeyo, nimevunjika sana?" Lengai aliuliza.

"Umevunjika, lakini umefungwa. Utafika."

Neno hilo hakuwahi kumwambia mtu wa nyonga. Lilimtoka kinywani likamshtua yeye mwenyewe.

Akapiga simu kuomba gari la wagonjwa. Lilikuwa limempeleka mama mjamzito, lingechukua saa mbili. Saning'o akaenda kuleta pikapu. Wakati huo huo, katika chumba cha pili, mwanamke aliyekuja na uchungu tangu alfajiri akapiga yowe la mwisho mwisho, lile ambalo nesi hahitaji kuambiwa maana yake. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaonekana. Naisiae alisimama katikati ya milango miwili. Hakuna mtu mwingine. Angekwenda na Lengai, huyu angezalia sakafuni peke yake, na katika mimba yake ya kwanza alishampoteza mtoto. Akabaki.

Nashipae alikuwa amefika, anahema, matope mpaka magotini. Hakulia. Alimgusa mwanawe paji la uso, akashuka na macho polepole mpaka kwenye miguu. Hapo macho yakasimama.

"Mama Lesian," alimwita Naisiae kwa jina la mtoto wake wa kwanza. "Hii miguu?"

"Ni dawa yake. Msifungue."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kwa daktari mjini. Mkifungua atakufa, Mama Lengai. Unanisikia? Msifungue!"

Chumba cha pili yowe likaja tena. Naisiae akageuka akakimbia. Baadaye, siku nyingi, alirudi kwenye dakika ile. Angekaa muda wa kumeza chai kikombe kimoja tu. Angemwambia: najua hii ni miguu ya nani, dada yangu, najua unaona nini, hata mimi niliona. Angeyasema kwa Kimaasai, na Nashipae angemjibu, na wangelia kidogo, na gari lingeondoka. Hakukaa.

Mtoto alizaliwa, msichana, analia kwa nguvu. Naisiae alikuwa ananawa mikono simu ilipoita.

Saning'o ndiye aliyemsimulia, kidogo simuni, mengine baadaye akiwa amechuchumaa barazani hataki kiti.

Waliondoka vizuri. Mjomba wa Lengai na mama yake walikaa nyuma na mgonjwa. Nashipae aliifunika ile miguu kwa shuka lake, watu wasiione. Lakini pikapu haina turubai, na kwenye mteremko upepo ukalifunua shuka. Siku ya soko, njia imejaa wanawake wanaorudi na mizigo. Wakaona pikapu inakwenda taratibu, mama amekaa na kichwa cha mwanawe mapajani, na miguu miwili imefungwa pamoja. Wakafanya lililo sahihi. Wakatua mizigo, wakashika vichwa, wakaanza kulia. Mmoja akaitambua sura, akaita: "Ni Lengai! Ni Lengai wa Nashipae! Mungu wangu, Lengai!"

Na Lengai anawasikia.

"Mama," alisema, "wananililia mimi?"

Nashipae akapiga bati la pikapu kwa ngumi mpaka Saning'o akasimama.

"Nikamwambia, mama, nesi amekataza," Saning'o alisema. "Nikashuka kabisa. Mjomba wake akaniambia, nesi ni wa zahanati, huyu ni wetu. Na mama akaniambia, mwanangu analiliwa yuko hai, wewe unataka nimfikishe hospitali hivi? Wakimwona hivi getini watampeleka wapi? Si moja kwa moja mochwari? Yeyo, mimi ningemjibu nini?"

Walifungua nyayo. Walifungua magoti. Kijana akasema na hili la nyonga linaniumiza, nifungueni nipumue, wakafungua na hilo. Miguu ikalala upande huu na upande huu. Akashusha pumzi ndefu, akasema afadhali. Akawashukuru. Ngaramtoni aliomba soda, wakamnunulia, hakuinywa. Walipoingia Sakina, mwanzo wa mji, Saning'o aliangalia kwenye kioo, akaona mama amemfunika kwa lile shuka mpaka juu.

Naisiae alikwenda msibani kama kila mtu. Alibeba kuni, akamenya ndizi. Siku ya tatu Nashipae alimwita nyuma ya nyumba. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya jirani kumwambia jirani kwamba mbuzi wake ameingia shambani.

"Wanasema kwamba mimi nilimfungua ndiyo maana akafa. Umesema wewe?"

"Sijasema."

"Najua hujasema, wewe husemi. Lakini nakuuliza. Ni hivyo?"

Naisiae alijua jibu la kweli. Alimwangalia yule mama, mikono yake imekauka majivu ya jikoni, na hakuweza kumpa.

"Alikuwa ameumia sana," alisema.

"Basi ni vile ninavyoona mimi," Nashipae alisema. "Ulimwandaa kabla. Kifo kilikuwa kinapita njia yake, kikamkuta mtu ameshafungwa. Sikulaumu, Mama Lesian. Ulifundishwa na watu wasiotujua. Lakini usimfanyie mtoto wa mwenzio mwingine."

Alisema hivyo, akarudi jikoni. Na kwa kuwa Naisiae hakutoa jibu la kweli siku ile, lile la Nashipae ndilo lililobaki, likashuka na watu wa msiba kila boma.

Mwezi uliofuata Dokta Anneth alipiga simu kutoka mjini. Walikuwa wanapita zahanati zote kwa simu, wanajaza fomu.

"Shikamoo mama. Tangu mafunzo mmemhudumia mgonjwa yeyote wa nyonga?"

"Mmoja."

"Ulimfunga?"

"Nilimfunga. Presha ilipanda mpaka tisini."

"Mama, hongera sana! Na akafika?"

Naisiae alimweleza. Alieleza yote, ya miguu, ya wanawake wa sokoni, ya mama. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema, na yalimtoka vibaya, nyuma mbele. 

"Mama," Anneth alisema bila ukali, "mbona hukuniambia siku ile? Tungetafuta njia nyingine. Tungefunika, tungeanza na ndugu. Mbona hukusema?"

Anneth akasema atakuja yeye mwenyewe Oldarpoi waongee na watu. Hakuja, mafunzo yaliisha muda, na nambari yake ikawa haipatikani.

Basi Naisiae akaamua kusema. Mtu ambaye hakusema maisha yake yote hajui pa kuanzia, na yeye alianzia pabaya. Alimwomba mwinjilisti dakika tano baada ya ibada, watu wakiwa wametoka nje uwanjani. Akaleta benchi, akakaa juu yake mbele ya usharika wote, na bandeji mkononi.

"Nataka mwone," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, waliokuwa nyuma walisogea. "Mtu hai anaweza kufungwa miguu. Ni dawa. Nani atanifunga mimi, mwone kwamba sifi?"

Hakuna aliyesogea. Akamwangalia Saning'o. Saning'o akaangalia viatu vyake.

"Baba, nifunge wewe."

"Yeyo, niombe kitu kingine. Niombe hata pikapu."

Akajifunga mwenyewe. Magoti, kisha akainama, nyayo. Kina mama wenye watoto waliwageuza watoto nyuso. Mzee mmoja akavaa kofia yake akaondoka. Na hapo akatoka mama mkwe wa Naisiae, bibi wa miaka themanini na kitu, ambaye alitembea uwanja mzima kwa fimbo yake watu wakimpisha. Alipofika akapiga magoti kwenye nyasi. Vidole vyake havikuwa na nguvu tena, kwa hiyo alilishika fundo la bandeji kwa meno, meno matatu aliyobakiwa nayo, akawa analivuta huku analia.

"Koko, acha," Naisiae alimwambia. "Koko, niko mzima."

"Nyamaza wewe," bibi alisema kupitia bandeji. "Nyamaza. Usituitie kifo."

Akaliacha lifunguliwe. Angefanyaje? Mwinjilisti akaomba sala ya kufunga, na watu wakatawanyika bila kusalimiana.

Baada ya hapo hakuna aliyemchukia. Hilo ndilo lilikuwa gumu. Walimletea watoto wenye homa. Walimletea wake zao wajawazito, hata mkwe wa Nashipae, mjane wa Lengai, alijifungulia kwake. Walimletea mtu aliyekatwa na shoka, akamshona vizuri. Ila wa barabarani hawakumletea. Wa barabarani walipita.

Julai, siku ya kliniki ya watoto, baridi imeshika na wingu limekaa juu ya Meru halionyeshi mlima. Kina mama wako kwenye foleni. Ikasikika breki kule konani, kishindo, kisha zile sauti. Naisiae hakungoja. Akachukua shuka kutoka sandukuni, akatoka mbio mpaka barabarani, akasimama pembeni mkono juu.

Noah ilikuwa inakuja, taa zinawaka na kuzima. Mlango wa ubavuni ulikuwa wazi. Ndani amekalishwa mwanamke, sura ngeni kwake, katikati ya wanaume wawili, kichwa kimelala begani kwa mmoja, miguu imetanuka huku na huku. Midomo aliiona hata kwa mbali.

"Mlazeni!" alipiga kelele. "Sitamfunga! Mlazeni tu!"

Mwanamume mmoja aliyekuwa ndani alikuwa Saning'o. Macho yao yalikutana. Gari lilipunguza mwendo, likapunguza kweli, na kwa muda huo mdogo Naisiae alidhani litasimama. Saning'o akanyoosha mkono, akauvuta mlango, akaufunga. Noah ikaongeza moto kuelekea mjini.

Alisimama pale mpaka fuso mbili zimepita zikamrushia maji ya barabarani. Kisha akalikunja shuka, akarudi.

"Nesi, ni nani?" kina mama walimuuliza.

"Simjui."

"Wamempeleka?"

"Wamempeleka."

Akanawa mikono. Akamchukua mtoto aliyefuata, akamtundika kwenye mzani, akangoja atulie. Mtoto alikuwa analia kwa sababu ya ubaridi wa mikono yake.

"Kilo saba na nusu," alisema, akaandika.